Kazi ya Makélélé haikukuwa na makelele

Mu mabishano ya mupira yenye tunafanyaka siku ya posho na siku ya yenga, ku Katuba sawa ku Manika, majina inarudia paka ile ile: Zidane, Ronaldinho, Messi, Mputu wetu. Kila mutu anataja mwenye alitia mabao, mwenye alipita watu watatu, mwenye alibeba Ballon d'Or. Jina la mutu mumoja halitokake mara mingi, na yeye alizaliwa hapa kwetu, Kinshasa, tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka wa 1973. Ni Claude Makélélé.

Ninataka kusema juu yake leo, lakini sitaki kumuimbia sifa tu. Mimi niko delege wa sendika mu mine, na kwangu hadisi ya Makélélé ni hadisi ya mushahara. Ni mufanyakazi mwenye alifanya kazi yenye haionekane, akaomba alipwe kulingana na ile kazi, patroni akakatala, wakamuuzisha. Kisha kampuni ikaanza kujua ile kazi ilikuwa nini wakati hakukukuwa tena mutu wa kuifanya. Ile hadisi tunaijua. Inapitaka kila mwaka mu makampuni yetu, tofauti ni kwamba kwetu televizio haikujake kuionyesha.

Tuanzie ku jina. Kwa Lingala sawa kwa Kiswahili chetu, makelele ni makelele, hakuna haja ya kutafsiri. Na mutu mwenye kubeba jina hilo alichezea Ufaransa mechi 71 bila kutia hata bao moja. Wazee wanasemaka debe tupu njo yenye inapigaka makelele mingi. Huyu alikuwa debe lenye kujaa.

Alitoka Kinshasa na familia yake akiwa mutoto wa miaka 4, wakafika Ufaransa, wakaishi Savigny-le-Temple, mbali kidogo na Paris. Baba yake naye alikuwa muchezaji wa mupira. Kuko wandugu wengi wenye wanamukasirikia Makélélé juu hakuvaa muvalo wa Léopards. Mimi siingii mu ile palabre. Mutoto wa miaka 4 hachague ndege. Kama tunatafuta mwenye makosa, tujiulize kwanza juu ya nini wazazi wengi wa wakati ule waliona afazali kulelea watoto wao mbali, na juu ya nini hata leo vijana wetu wanatafuta njia ya kutoka.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa ku FC Nantes. Pale alikuwa hajakuwa bado yule tunamujua. Alikuwa anacheza pembeni, ku mukono wa kuume, kijana wa mbio, mwenye kupanda na kushuka. Mu mwaka wa 1995, chini ya kocha Jean-Claude Suaudeau, Nantes ilikuwa bingwa wa Ufaransa, na ilikaa mechi 32 bila kupigwa. Ilikuwa ekipe yenye vijana wengi wenye walilelewa pamoja, na mu ekipe ile kulikuwa pia Japhet N'Doram wa Tchad. Mwaka wenye ulifuata walifika nusu ya mwisho ya Ligi ya mabingwa, Juventus ikawatoa. Kisha Makélélé alipita Marseille mwaka mumoja, halafu mu 1998 akaenda Hispania, ku Celta de Vigo.

Pale Vigo njo alijifunza kazi mupya. Alikuwa na miaka 25, umri wenye wengi wanasema mutu ameisha kuumbwa. Alicheza katikati pembeni ya Mazinho, Mubrazili mwenye alibeba Kombe la dunia la 1994, fundi mwenye kujua nafasi kila mutu anapaswa kusimama. Ninataka vijana wasome vizuri hapa. Makélélé hakuzaliwa numero 6. Alifundishwa na mukubwa wa kazi, kwa kusimama karibu naye, kila siku, mwaka mbili. Mu mine pia ni vile. Hakuna karatasi ya masomo yenye inaweza kukufundisha kusikia namna mawe inalia mbele ianguke. Ni mukubwa wa ekipe njo anakuonyesha. Na siku kampuni inatosha wazee wote kwa mara moja juu ya kupunguza feza, ile masomo inaenda nao ku nyumba.

Mu 2000 Real Madrid ikamununua. Florentino Pérez alikuwa tu ametoka kuchaguliwa prezida, na siasa yake ilijulikana: kila mwaka nyota mumoja kubwa. Figo mu 2000, Zidane mu 2001, Ronaldo mu 2002. Mu ile ekipe ya 2003 kulikuwa watu watatu wenye walikuwa wamebeba Ballon d'Or. Makélélé alikuwa katikati yao, kimo kifupi, kazi yake kufagia.

Niwaeleze ile kazi, juu kuko wenye wanafikiri numero 6 ni mutu wa kukimbia ovyo na kukata miguu ya wengine. Angalia namna ekipe ile ilikuwa. Ku kushoto, Roberto Carlos alikuwa muzuiaji, lakini alikuwa anapanda mbele sawa mushambuliaji, anaacha nyuma yake uwanja wazi. Zidane aliandikwa kushoto, lakini alikuwa anaingia katikati kutafuta mupira. Figo alikuwa kuume, naye anataka mupira mu miguu. Ronaldo hakuwe mutu wa kurudi nyuma. Sasa jiulize: wakati mupira unapotea, nani iko nyuma? Makélélé. Roberto Carlos akipanda, yeye anateleza kushoto kufunga ule mulango. Zidane akipoteza mupira, yeye tayari eko mu njia ya adui, juu alisoma hatari mbele ifike. Mara mingi hakuhitaji hata kumugonga mutu. Alisimama pahali pazuri, na pasi ya adui ikakosa njia. Akishapata mupira, anaupatia mwenzake mwenye kujua kuuchezea, mita tatu, mita nne, kwisha. Hakutafuta kuonyesha mayele.

Kwa miaka mitatu ile kazi ilizaa matunda. Real ilibeba ubingwa wa Hispania mu 2001 na mu 2003. Tarehe 15 mwezi wa 5 mwaka wa 2002, ku Glasgow, ilibeba Ligi ya mabingwa mbele ya Bayer Leverkusen, 2 kwa 1. Wote tunakumbuka bao la Zidane na muguu wa kushoto, mupira ukiwa mu hewa. Makélélé alianza ile mechi. Nani anakumbuka hata kitu kimoja chenye alifanya siku ile? Hakuna. Na ile njo sifa yake, juu kama muzuiaji wa katikati anakumbukwa sana, mara mingi ni juu alifanya kosa.

Sasa tufike ku feza. Makélélé alikuwa analipwa kidogo sana kuliko Zidane, Figo, Raúl na Ronaldo. Hakuomba alipwe sawa wao. Aliomba mushahara wake upande, ukaribie kazi yake. Prezida akakatala. Mu mwezi wa 6 mwaka wa 2003, kisha tu kubeba ubingwa, klabu ilimuacha kocha Vicente del Bosque, mutu mwenye aliwapatia Ligi ya mabingwa mbili, na kapiteni Fernando Hierro naye hakupata kontra mupya. Ile ile majira ya joto, David Beckham akafika kutoka Manchester United, na dunia nzima ikapiga picha. Makélélé yeye aliondoka kwenda Chelsea, kwa bei ya karibu milioni 16 na nusu za pauni za Uingereza. Alikuwa na miaka 30.

Maneno yenye Pérez alisema kisha inajulikana. Alisema kwamba hawatamukosa Makélélé, kwamba ufundi wake ni wa katikati tu, kwamba hana mbio ya kupita mutu, na kwamba sehemu kubwa ya pasi zake zilikuwa zinaenda nyuma ao pembeni. Soma tena ile maneno polepole, wandugu. Mimi nikiisoma, ninasikia sauti yenye nimeisha kusikia ku meza ya mazungumuzo mara mingi: huyu hatoe tani, huyu hachimbe, huyu anakaa tu pale. Ni hesabu ya mutu mwenye kupima kazi yote kwa kipimo kimoja. Kama kipimo ni mita yenye mupira umekwenda mbele, basi ni kweli, Makélélé alikuwa mudogo. Lakini kazi yake ilikuwa kufanya mupira usirudi ku golikipa wake, na kwa ile kazi hakukuwa hata mustari mumoja mu kitabu cha hesabu cha klabu.

Zidane naye anatajwa kwa maneno yake: kupaka gari rangi ya zahabu kuna maana gani, kama unatosha motere? Hierro na Muingereza McManaman nao walimusifu mbele ya watu. Ni maneno mazuri. Lakini hayakubadilisha kitu, juu kila mutu alikuwa na kontra yake mwenyewe mu mufuko wake mwenyewe, na Makélélé alienda kuongea na patroni peke yake. Kidole kimoja hakivunjake chawa. Pale njo mimi, mutu wa sendika, ninaona somo la kwanza. Sifa ya wenzako kisha wewe kutoka haikulipie masomo ya watoto. Kama Zidane na Figo wangeingia pamoja naye mu biro ya prezida na kusema, sisi watatu hatutiane saini mbele ya huyu kusikiwa, nadhani mazungumuzo ingekuwa ya namna ingine.

Kisha nini kilitokea? Mu mwaka wa 2003-2004, Real ilifika mwezi wa 3 ikiongoza karibu kila pahali. Ikapigwa na Zaragoza mu mechi ya mwisho ya Kombe la Mufalme, 3 kwa 2. Ikatolewa na Monaco mu robo ya mwisho ya Ligi ya mabingwa, na kati ya wenye waliiumiza kulikuwa Morientes, muchezaji wake mwenyewe yenye ilikuwa imemukopesha Monaco. Halafu ikapoteza mechi tano za mwisho za ubingwa, ikamaliza ya ine. Mu 2004 ikaleta Michael Owen, Ballon d'Or wa ine. Haikusaidia. Pérez aliacha kiti mu mwezi wa 2 mwaka wa 2006. Ubingwa wa Hispania ulirudi mu 2007. Ligi ya mabingwa ingine ilirudi paka mu 2014, miaka 12 kisha ile ya Glasgow.

Na Chelsea? Mu 2004-2005, na kocha José Mourinho, ikabeba ubingwa wa Uingereza, wa kwanza kwa miaka 50. Pointi 95, mechi moja tu ya kupoteza, na mabao 15 tu yenye iliingia mu mechi 38. Frank Lampard alitia mabao 13 mu ubingwa akitoka katikati, na mu Bolton yeye njo alitia yote mbili siku ubingwa ulipatikana. Aliweza kupanda vile juu alijua nani alibakia nyuma. Mwaka wenye ulifuata ubingwa tena. Waingereza wakaanza kuita ile nafasi kwa jina lake: wakasema muchezaji fulani anacheza nafasi ya Makélélé. Kuko wachezaji wengi wenye walipewa mpira wa zahabu. Wenye jina lao lilikuwa jina la kazi ni wachache sana.

Sasa lazima nijibu wenye watasema ninaongeza chumvi. Kwanza, Real haikuanguka juu ya mutu mumoja. Ni kweli. Ilipoteza kocha na kapiteni mu wakati ule ule, na haikununua wazuiaji wa kutosha. Tena Chelsea ilikuwa na feza ya Abramovich, ikaleta Čech, Carvalho, Drogba na Robben. Ninakubali yote ile. Lakini inaonyesha paka neno moja: klabu yenye ilimuzarau Makélélé ilizarau pia wazuiaji, kocha mwenye hakuwe na makelele, na kapiteni mwenye kuzeeka. Ilikuwa ni siasa. Iliamini kwamba kazi yenye haionekane inaweza kufanywa na mutu yeyote kwa bei yoyote. Makélélé alikuwa tu alama yenye kuonekana zaidi ya ile siasa.

Pili, na hii njo neno lenye nguvu zaidi, kijana mumoja aliniambia: Yaya, Makélélé alikuwa na mamilioni, unawezaje kumulinganisha na mutu mwenye kubeba mizigo ku mine? Ni swali la haki. Mimi siseme shida yao iko sawa. Makélélé alikuwa na klabu ingine yenye kumungojea na mukono wazi. Mutu wa kwetu akisema hapana, nyuma yake kuko watu mia mbele ya mulango wa kampuni na bahasha mu mukono. Lakini angalia: kama hata bingwa wa Ulaya, na mashahidi watu 70,000 mu uwanja, patroni wake aliweza kumuambia kazi yako haina bei, basi fikiri mutu mwenye anafanya kazi mita mia nane chini ya udongo, usiku, kwenye hata bibi yake hawezi kuona anafanya nini. Shida yake ni ile ile, lakini imezidi mara mia, na hana pahali pa kukimbilia paka sendika.

Mu mine ya chini, Makélélé wetu ni mutu wa pompe. Maji ya udongo haipumzike siku ya yenga, haijue sikukuu ya tarehe 30 mwezi wa 6. Mutu wa pompe iko pale ku poste ya usiku, anasikiliza motere, anashika na mukono kama iko moto sana, anafungua na kufunga. Hatoshe hata kilo moja ya shaba. Makélélé wetu ni mwenye kusimamisha mbao na vyuma juu mawe isiangukie wenzake. Ni fundi wa umeme, ni mama mwenye kuosha masanduku ya maabara, ni mwenye kupima hewa mbele wengine waingie. Kila kitu chenye wanafanya kinahesabiwa kwa kitu chenye hakikutokea: maji haikupanda, mawe haikuanguka, mutu hakukufa.

Mu mazungumuzo moja, mu kampuni yenye sitataja, mukubwa wa watumishi aliniuliza: sema basi, mutu wa pompe anatosha tani ngapi kwa mwezi juu apate prime ya produksio? Nikamujibu: tufunge pompe kwa juma moja, kisha tuhesabu tani. Watu walicheka, yeye hakucheka. Ile siku hatukupata kitu. Prime ilibakia ya wenye kuchimba na wenye kuendesha mashini kubwa, na watu wa pompe walipata posho ya sabuni. Miezi sita kisha, watatu kati yao walikuwa wameondoka.

Na hii hapana hadisi ya kufikiri tu. Kipushi iko karibu na sisi, kilometa 30 tu na Lubumbashi. Mine ya chini ilisimama mu 1993, hakuna produksio tena. Lakini pompe ziliendelea, na watu waliendelea kushuka kuzilinda, miaka mingi, bila mutu kuwaandika mu gazeti. Mu 2011 pompe kubwa ya chini ilikufa. Maji ikapanda, ikameza mashini, ikameza njia. Ikaomba miaka na mamilioni ya dola juu ya kuitosha, na produksio ikarudi paka mu 2024. Ile njo bei ya mutu wa pompe, kama bado kuko mwenye anauliza.

Kolwezi wanakumbuka Kamoto, mwezi wa 9 mwaka wa 1990, wakati mine ya chini ilibomoka. Gécamines, yenye katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatosha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mu 1994 ilikuwa imeanguka chini ya 50,000. Sababu ilikuwa mingi: uporaji wa 1991, kufukuzwa kwa ndugu zetu wa Kasaï, feza ya kampuni yenye serikali ilikuwa inachukua. Lakini mutu yeyote mwenye alifanya kazi wakati ule atakuambia: kitu cha kwanza chenye kilikatwa ni matengenezo, juu matengenezo haipige makelele siku unaikata. Inapiga makelele kisha.

Kodi yetu ya kazi ya 2002 inasema kwamba kama hali ya kazi, ujuzi na randema viko sawa, mushahara uwe sawa. Ni neno zuri. Lakini neno randema njo kwenye mabwana wanajifichaka. Randema ya dereva wa kamioni ni rahisi kuhesabu: safari ngapi, tani ngapi. Randema ya mwenye kuzuia ajali unaihesabu namna gani? Hawahesabu. Na kitu chenye hakihesabiwe hakilipwe. Kisha wanaenda mbele zaidi: wanachukua ile kazi ya pompe, ya ulinzi, ya matengenezo, wanaitupa mu sutretansi. Mutu ule ule, ku pompe ile ile, leo anavaa muvalo wa kampuni ingine na analipwa nusu, bila hospitali kwa watoto. Sheria ya sutretansi ya 2017 ilitungwa juu makampuni ya Wakongomani yapate nafasi. Haikutungwa juu ya kushusha mushahara wa Wakongomani.

Kuko pia neno moja ya Mourinho, ya mu 2006. Makélélé alikuwa amecheza Kombe la dunia na Ufaransa, mpaka ku Berlin, kwenye Italia ilibeba kwa penaliti. Akataka kupumzika ku ekipe ya taifa. Kocha wa Ufaransa, Raymond Domenech, akamuita tena, na kanuni ya mupira inasema mwenye kuitwa anaenda. Mourinho akakasirika, akasema Makélélé amefanywa mutumwa. Kwetu, mu inchi yenye watu walifungwa minyororo kweli, ile neno ni kubwa mno kwa mutu mwenye mushahara na avoka. Lakini ulizo lenye liko ndani ni la kweli: mwili wa mufanyakazi ni wa nani, wakati yeye mwenyewe anasema umechoka? Makélélé alirudi kucheza, akaendelea mpaka Kombe la Ulaya la 2008. Yeye alikuwa na waganga wazuri. Mutu wetu mwenye kukohoa mavumbi miaka 15, akisema ku kliniki ya kampuni kwamba kifua kinauma, anapewa kidonge na anarudi ku poste.

Basi tunaomba nini? Mazungumuzo ya konvansio inarudi mu makampuni mingi, na uchaguzi wa madelege pia. Mimi ninasema kwa wenzangu: tuache kuomba prime ya tani peke yake. Tuombe prime moja ya mine nzima, yenye kila mutu anagawana, kutoka ku mwenye kuendesha mashini ya dola milioni mpaka ku mwenye kushika funguo ya pompe. Tuombe kwamba kazi ya usalama, ya maji na ya hewa isitoke mu mikono ya kampuni yenyewe. Tuombe kila fundi mukubwa apewe vijana wawili wa kufundisha mbele ya pansio, sawa Mazinho na Makélélé ku Vigo. Na tulete hesabu yetu wenyewe ku meza: siku ngapi mine ilisimama mwaka huu juu ya pompe, juu ya umeme, juu ya mawe, na kila siku ilikula dola ngapi. Ile hesabu delege anaweza kuiandika mu kaye ya mutoto wa masomo. Patroni hapendake hotuba, lakini namba anazisoma.

Kwa wenye kazi yao inaonekana, wandugu wa mashini kubwa na wa kuchimba, ninawaomba neno moja. Ninyi njo Zidane wetu. Patroni anawasikiliza juu ninyi mukisimama, tani inasimama siku ile ile. Musingoje mutu wa pompe aende, kisha museme alikuwa mutu muzuri. Musimame naye wakati bado iko, wakati bado anaomba, wakati karatasi haijatiwa saini. Hapana kwa huruma. Ni juu siku maji itapanda, itawakuta ninyi chini.

Makélélé alimaliza ku Paris Saint-Germain, kapiteni, na Kombe la Ufaransa la 2010 mu mikono. Akaacha mupira mu 2011, na miaka 38. Alipata haki yake, lakini alilazimika kuvuka bahari kuitafuta. Sisi hatuna klabu ingine ya kwenda. Tuko na mine hii, na maji yake, na mawe yake, na watu wenye wanaishikilia isianguke. Haki yao tutaitafutia hapa hapa.